Chaza Hufurahi Maji Yakijaa

Mwanangu Sikitu,

Bismillahi naanza. Sikuulizi hali, maana hali yako naijua: asubuhi umekula mihogo sahani mbili na bado ukauliza kama kuna chai imebaki. Mimi ndiye sina hali. Nimekaa hapa barazani tangu nimalize sala ya alasiri, wewe umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto, na karatasi nimeiweka juu ya goti. Ukiona herufi zimepinda usinicheke.

Kesho maji yakijaa boti inakuchukua mpaka Nyamisati, kutoka hapo gari la Kibiti, kisha Ikwiriri, kisha huko mbele kwenye kambi ya watalii upande wa Ngarambe, ukakae mapokezi uwakaribishe Wazungu. Mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji ya kunywa na kutoazimana nguo, shangazi yako anakwambia sasa hivi, na ninavyomjua atakwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Nimesoma daftari lako.

Ndiyo, nimelisoma! Usinune kwanza. Nilikuwa nalifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowe botini, nikasema ngoja niyatazame yale maneno yetu ya dunguni, nicheke kidogo kabla hujaenda. Wallahi sikuwa na nia ya kuchungulia siri ya mtu. Nikafungua. Mpaka saa hizi nimeduwaa, sijui hata kama jiko nimelizima.

Maneno yenyewe unayakumbuka. Ulirudi kutoka mafunzo ya Ikwiriri mpunga ukiwa umetoa masuke, na kwelea wameshuka shambani hawana adabu. Tukakaa mimi na wewe wiki nzima kule dunguni, kwenye kibanda chetu cha miguu mirefu katikati ya shamba, kuamia ndege. Wewe unavuta kamba ya makopo, mimi natupa madongo kwa kombeo, na katikati ya kelele zote hizo unanifundisha Kiingereza cha furaha. Mwalimu wenu alikuwa amewaambia kwamba wageni wa kambini hawasemi "nimefurahi" tu kama sisi. Wana misemo yao, na mtu wa mapokezi asiyeielewa atabaki kutoa macho.

Ukaanza. Mwingereza akifurahi sana husema yuko juu ya mwezi. Nikakuuliza, "Kapandaje huko, na atashukaje?" Ukacheka. Mwingine husema anatembea hewani. Hapo nikakukemea: "Astaghafiru! Huku kwetu anayetembea hewani tunamjua ni nani, na hatumkaribishi chai." Ukacheka mpaka kwelea wakamaliza kona nzima ya shamba. Mwingine yuko kwenye wingu la tisa. Nikataka kujua yale manane ya chini yana kasoro gani, ukasema hata mwalimu alipoulizwa alikohoa. Mwingine anafurahishwa mpaka anakuwa wa pinki. "Huyo ni wa kwao," nikasema, "mimi nikifurahi nitakuwa rangi gani? Nieleze!" Mwingine yuko mbingu ya saba, na hilo nikaona afadhali, angalau wana habari kwamba mbingu ni saba.

Kisha ukaja msemo wa chaza. Ukasema kuna Wamarekani ambao mtu akiwa na raha kamili husema ana furaha kama chaza maji yakijaa. Darasa zima la Ikwiriri halikuelewa, ukaniambia, na mwalimu naye hakujua chaza anafurahia nini. Mimi nilielewa kabla hujamaliza kusema. Maji yakipwa sisi wanawake wa huku tunashuka kwenye tope na ndoo zetu, tunafukua chaza mmoja mmoja. Maji yakijaa hakuna anayemwona, hakuna anayemfikia, kajifungia huko chini na raha zake. "Aliyeutunga huo," nikakwambia, "mama yake alikuwa mfukua chaza." Tena nikaongeza, kwa mdomo wangu huu, kwamba hiyo ndiyo furaha ya watu wenye akili: furaha isiyoonekana. Ukavuta kamba ya makopo kwa nguvu zako zote, na ndege hata mmoja hakuwepo. Nikadhani umemwona wa mbali.

Haya, leo nimefungua daftari. Kumbe mwalimu aliwataka muandike sentensi moja ya maisha yenu kwa kila msemo, Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, lakini hicho Kiswahili cha kulia nimekisoma vizuri. Nimekisoma mara mbili, kisha nikavaa miwani ya baba yako nikakisoma tena, nikiomba kiwe kimebadilika.

Kwenye mwezi umeandika: Siku nilipofaulu kidato cha nne nilikuwa juu ya mwezi mpaka nilipofika kwa mama. Kwenye ule msemo wa tabasamu linaloanzia sikio hili likaishia sikio lile umeandika: Mama za wenzangu walitabasamu hivyo siku ya mahafali, mama yangu alikuwa anatazama wingu la mvua. Kwenye chaza: Mama yangu ni chaza maji yakijaa, kama amewahi kunifurahia, hakuna aliyeona. Na ya mwisho kabisa, kwenye mbingu ya saba: Siku nitakayoondoka nyumbani mama atakuwa mbingu ya saba, maana atakuwa amepumzika na mimi.

Na huyo mwalimu wako, mtu mzima na akili zake, kaweka alama ya vyema kwa wino mwekundu kwenye kila mstari! Chini kaandika, "Safi sana, endelea hivyo hivyo." Aendelee hivyo hivyo! Ningempata leo angenitambua.

Mimi nipumzike na wewe? Mimi? Nikakaa chini pale pale juu ya nguo zako nilizokwisha kuzikunja. Na kama ungejua, ulirudi wakati huo huo. Ulikuwa umesahau kanga ya kumpelekea shangazi, ukaingia, ukasema, "Mama, mbona umekaa chini?" Daftari nimelikalia. Nafasi ndiyo hiyo, mtoto amesimama mbele yangu, kesho hupo, na maneno yamenijaa mpaka kooni. Unajua nilichosema, maana ulikisikia. Nilisema, "Funga mlango huo, nzi wanaingia!" Ukaufunga, ukaenda zako. Nilijishangaa mpaka nikajishika mdomo.

Nikatoka uani kwa baba yako. Alikuwa anachonga mpini wa shoka lake la kukatia mikoko. Nikamsomea yote manne, nikitegemea atashtuka kama mimi, aseme mtoto kakosea. Akaendelea kuchonga.

"Wewe ulijua kwamba mtoto anadhani simfurahii?"

"Nilijua," akasema.

"Ulijua! Na hukuniambia?"

Akaweka panga chini akanitazama. "Mama Sikitu, mwezi uliopita nilikuletea kanga mpya kutoka Kibiti. Nikakuuliza kama umefurahi. Ukaniambia paa linavuja. Sasa mimi ningekwambia nini?"

Kweli nilisema hivyo. Mimi! Na kanga yenyewe niliipenda, Sikitu, nimeitunza sandukuni mpaka leo sijaivaa, naogopa itachuja. Nimeipenda mpaka nimeifungia.

Basi nikueleze yaliyokuwa upande wangu, uyalinganishe mwenyewe na hayo uliyoyaandika.

Siku ya matokeo ulikuja shambani mbio, umepakaa tope mpaka magotini, simu ya mwalimu wako ungali umeishika. "Mama, nimefaulu!" Jirani yetu Bi Somoe alikuwa kwenye shamba lake hatua kumi kutoka pale, jembe mkononi, shingo kaigeuza. Nikakwambia, "Haya, chukua ndoo ukateke maji." Nikaona uso wako ukinywea. Niliuona, mwanangu, siwezi kukudanganya kwamba sikuuona. Ulipoondoka na ndoo nikaingia kwenye mikoko, ndani kabisa, nikakaa juu ya mzizi nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Nikalia, nikacheka tena. Nikanawa uso kwa maji ya chumvi, nikarudi kupalilia, uso mkavu. Usiku ule ulikula kidogo, ukasema tumbo linauma, nikakupa maji ya tangawizi nikaona nimemaliza.

Siku ya mahafali, ni kweli nilikuwa natazama wingu. Ulikuwa umeitwa mbele, umevaa lile joho la kuazima lililokuzidi mabega, na kama nisingetafuta kitu kingine cha kutazama ningepiga kelele mbele ya mgeni rasmi. Na yule mama wa mafunzo alipokuja hapa nyumbani kukusajili, akakusifu, akasema una ulimi mwepesi na heshima, nikamjibu, "Huyu? Hata sufuria hajui kusugua." Ulikuwa umesimama mlangoni. Yule mama aligeuka akakutazama wewe, wala si mimi, na sikujua kwa nini. Mimi moyoni najiona mjanja, nimekukinga.

Nimekukinga na nini? Hapo pana jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote. Kaburi la dada yako Johari unalijua, tunalipalilia kila mwaka kabla ya Ramadhani, na ukiniuliza habari zake nakwambia shika jembe. Leo nakwambia.

Johari ndiye aliyenifanya niitwe mama, na mimi nilimfurahia kwa sauti. Nilimpa jina la kito. Kila aliyepita njiani nilimwita aje aone kucha zake. Arobaini haijafika nikambeba nyumba kwa nyumba, wazee wananigombeza, mimi sisikii, nasema delta nzima hakuna mtoto kama huyu. Siku ya thelathini na mbili akapata homa. Kesho yake tukamzika. Watu wamejaa msibani, bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, amekaa mkekani pembeni yangu, akasema, "Mmemtangaza mno." Maneno mawili tu. Hakuwa mtu mbaya bibi yako, na yeye alikuwa amezika mjukuu, pengine hata hakujua nimesikia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nikayameza.

Ulipokuja wewe nilikuwa nimeshajifunza. Nikakupa jina la kukudogosha, kama wafanyavyo watu wa huku wakiwa wameshazika: Sikitu. Asikutamani mtu, asikutamani shetani, kila apitaye na jicho lake aone hapa hakuna kitu, aende zake. Wageni wakija kukuona nakufunika kwa kanga kuukuu, nasema, "Kenyewe kabaya kabaya tu, sijui kama katapona." Wakishatoka naifunua ile kanga, nakutazama mpaka shingo inauma. Ulikuwa na nyusi za mtu mzima tangu siku ya kwanza. Sikumwambia mtu kuhusu nyusi zako.

Ukatambaa, ukatembea, ukaenda shule. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba sasa inatosha, mtoto ameshakua, acha. Nikaendelea tu, mwaka wa kwanza, wa tano, wa ishirini. Mwishowe hata sikuwa naogopa tena, ilikuwa ndivyo uso wangu ulivyokaa.

Na leo, nimekalia daftari lako, nimefikiri jambo ambalo miaka yote hii sikuthubutu kulifikiri. Johari alipata homa alfajiri. Tulitaka kumpeleka zahanati. Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umekaa juu ya tope, na kwa miguu hakuna njia, unazama mpaka kiunoni. Tulingoja maji. Nimempakata tangu jua halijatoka mpaka limefika juu, baba yako anakwenda kutazama na kurudi, anakwenda na kurudi. Maji yalipofika kwenye mtumbwi mtoto alikuwa ameshalegea. Ndivyo ilivyokuwa. Homa na tope. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu mawili, na bado nikaenda kuilaumu furaha yangu! Lahaula! Nimeshika shavu hapa, siamini kwamba mtu anaweza kuwa mjinga kwa muda mrefu namna hii, tena anajiona ana busara.

Sisemi husuda haipo. Ipo, imetajwa, na dua zake tunazisoma. Lakini dua ndiyo niliyofundishwa nisome. Kumnyima mtoto uso wa mama yake sikufundishwa na mtu, hiyo niliitunga mwenyewe nikaiita kinga.

Sasa hiyo misemo yako. Sikwambii ukafurahi kama Wazungu. Wengine, ulivyonisimulia mwenyewe, wako juu ya mwezi kwa sababu yai limekaangwa wanavyopenda. Mtu akimaliza mwezi kwenye yai, siku anayomwoza mwanawe atakwenda wapi? Wewe yapime hayo maneno. Ila mgeni akikwambia yuko wingu la tisa, usitazame dari, na usijibu "asante" ukarudi kwenye kompyuta. Mwulize amefurahishwa na nini, halafu msikilize mpaka amalize. Mtu anayesema hivyo hadharani anataka kuulizwa. Na akija mwenye msiba, au aliyepokea simu ya habari mbaya, yafungie maneno hayo yote kabatini, mpe kiti na maji, ukae naye kimya.

Na siku utakayofurahi wewe, kabla hujahangaika na msemo upi unafaa, tazama aliye mbele yako. Kama ni yeye aliyekufurahisha, mwambie. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kindengereko cha bibi yako, hata kwa mkono tu umshike bega. Ukikosea neno, umekosea neno, atakuelewa. Mimi nilikuwa na maneno yangu yote kamili, hakuna hata moja lililopungua, na nikaenda kuuambia mzizi wa mkoko.

Nimejaribu na mimi kazi ya mwalimu wako. Nyuma ya daftari palikuwa na ukurasa mtupu, nimeandika Kiswahili tu, kushoto utanijazia. Nimeandika: Siku Sikitu alipofaulu nilikuwa juu ya mwezi, nikashuka kwa sababu palizi ilikuwa haijaisha. Nimeandika: Siku Sikitu alipoanza kusema nilitembea hewani, majirani wanisamehe. Nimeandika: Nilikuwa wa pinki siku ile yule mama wa mafunzo alipomsifu mwanangu, ila rangi yangu haionyeshi. Ya mbingu ya saba nimeiacha. Siku utakayoondoka ni kesho, na huko kesho mimi siendi mbinguni, nabaki hapa na vyombo vya watu wawili.

Kisha nikafanya jambo ambalo ukiambiwa na mwingine usingeamini. Nikajitanda kanga, nikaenda kwa Bi Somoe. Katika kijiji kizima jicho lake ndilo nililoliogopa kuliko yote, maana yeye amezika wawili, na aliyebaki hakusoma. Nilijiambia mwanamke huyu hawezi kusikia habari njema za mtoto wa mwenzake moyo wake usimuume. Kwa hiyo miaka yote akiniuliza, "Sikitu hajambo?" namjibu, "Yupo yupo tu." Na ile kazi yako nilimwambia ni kibarua cha miezi miwili.

Nikamkuta anapepeta mchele. Hata hodi sikuimaliza. Nikasema pale mlangoni, kwa sauti, kama anayeapa: "Bi Somoe, mwanangu kapata kazi ya mkataba. Nimefurahi. Nimefurahi sana." Nasubiri sijui nini kinitokee.

Akaendelea kupepeta. "Alhamdulillahi," akasema, "na mimi nimefurahi. Lakini hiyo nayo ni habari?"

"Sijawahi kukwambia."

Akaweka ungo chini. "We mama Sikitu! Unadhani mimi kiziwi? Siku ile ya matokeo ulicheka huko mikokoni nikadhani umepandwa na shetani, nikamwita mume wangu aje asikilize. Ukiwa peke yako dunguni unaliimba jina la mtoto kutwa nzima, ndege wenyewe wamelizoea. Dukani ukinunua tangawizi lazima useme Sikitu wako hanywi chai kavu. Kijiji kizima kinajua kwamba duniani hapa huna kingine."

Nilishikilia mwimo wa mlango. Nikasema, "Basi mbona hujawahi kunitania?"

"Nilijua unaogopa," akasema. "Na mimi nimezika, mwenzangu. Nikakuacha uogope. Kila nikiwaombea wanangu namtia na wako."

Miaka ishirini na miwili nimemficha mtu huyu, na yeye kila siku anakutaja kwenye mkeka wake wa sala. Nilitaka kuondoka, nikageuka tena. Nikamwuliza, "Na yeye anajua?"

"Nani?"

"Sikitu. Anajua kwamba namfurahia?"

Bi Somoe akanishangaa, macho kayatoa hasa. "Unaniuliza mimi? Huyo si mwanao!"

Nimerudi hapa sioni hata ninapokanyaga. Umeona nilichofanya, mwanangu? Niliwaficha watu, na watu wote walijua. Muuza duka anajua. Bi Somoe anajua, na mumewe kaitwa kushuhudia. Baba yako anajua, kakaa na mpini wake kimya. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu katika kijiji hiki, na ni yule niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alipokuwa mdogo, namfunika shuka, nasubiri apate usingizi ndipo nimbusu. Ungekuwa macho hata usiku mmoja, ungejua.

Barua hii sikuwekei kwenye begi ukaikute Ikwiriri. Ukirudi sasa hivi nakupa mkononi, uisome hapa hapa barazani jua likiwa bado lipo, mimi nimekaa mbele yako. Najijua: mdomo wangu utatafuta kitu cha kugombeza. Ukisikia nagombeza, endelea kusoma. Ukimaliza usiniulize kama ni kweli. Ni kweli yote. Nilikufurahia kabla hujafungua macho, na sijapumzika hata siku moja, wala sitaki kupumzika.

Na kesho nitakuja mpaka majini, nisimame kwenye tope mbele za watu wote, na nitalia, Sikitu, nitalia kwa sauti mpaka boti ikate kona. Abiria wenzako wakikuuliza yule mama amefiwa na nani, waambie hajafiwa. Waambie ni mama yako, na amefurahi.

Mama